Mwili Umesimama

Katika nchi ile hakuna aliyewahi kufa amelala. Hilo lieleweke kwanza, maana asiyelielewa atasoma habari za Siwema na kumwona mwendawazimu, na Siwema hakuwa mwendawazimu. Laiti angekuwa, angepata nafuu. Watu walitumbukia visimani, walifia vitandani wameukumbatia mto, walikutwa mitaroni wamekaa kitako mithili ya wanaosubiri kuitwa. Wengine walipatikana kichwa chini miguu juu. Wote, wakishaingizwa katika Nyumba ya Kutajia, walikuwa wamesimama. Wima. Uso mbele, miguu pamoja, vidole vya miguu vikitazama mbele, mikono imeshuka ubavuni, viganja vimefunguliwa kumwelekea anayetazama. Hivyo ndivyo walivyotajwa, hivyo ndivyo walivyoandikwa, na kilichoandikwa katika nchi ile ndicho kilichokuwa.

Kanuni yenyewe haikuwa na kosa, na hapo ndipo penye uchungu. Iliwekwa zamani na waganga waliochoka kugombana. Mmoja alisema jeraha liko juu ya goti, mwenzake akasema liko chini ya goti, kwa kuwa huyu alimwona mgonjwa amesimama na yule alimwona amebebwa miguu juu. Wakakaa, wakakubaliana. Juu ni kuelekea kichwani, hata mtu awe ananing'inia kama popo. Chini ni kuelekea nyayoni. Mbele ni upande wa kifua na kitovu, nyuma ni upande wa mgongo. Ndani ni kuukaribia mstari wa kati, ule usioonekana, unaoanzia utosini ukapitia puani na kitovuni. Nje ni kuukimbia. Na kulia ni kulia kwake mwenye mwili, si kulia kwako wewe unayemtazama. Maneno yenyewe hayafiki ishirini. Mwepesi wa kichwa huyashika kabla chai haijapoa. Na ili yasigombane, mwili wowote uhesabiwe kuwa umesimama, hata kama umelala, hata kama umekunjwa ndani ya gunia. Waganga wakapona ugomvi, na wagonjwa wengi wakapona kwa sababu waganga wamepona. Ni kanuni njema. Mimi ninayesimulia sina neno nayo. Neno langu ni kwa watawala walioiona wakasema: kumbe!

Maana nchi nayo ilikuwa na mwili. Mji mkuu uliitwa Kichwani, na ulikuwa bondeni, chini kabisa, mahali ambapo kila kitu huporomokea. Milimani, kwenye chemchemi, ndiko kulikoitwa Nyayoni. Na kwa kuwa juu ni kuelekea kichwani, watu wa Nyayoni walishuka mlima siku mbili, magoti yakitetemeka kwa mteremko, na wakifika walisema, "Tumepanda." Maji ya chemchemi zao yaliingia mabombani yakateremka bondeni, na daftari likasema maji yamepanda. Mtoto akiuliza, alichapwa. Baadaye watoto waliacha kuuliza, nao wakawa wazazi.

Siwema alikuwa mtaja. Kazi ya mtaja ni kuufunua mwili, kuunyoosha, kisha kuutaja kwa sauti, kutoka utosini mpaka unyayoni, alama kwa alama. Alikuwa na miaka ishirini na saba katika kazi hiyo, au asubuhi moja; ndani ya Nyumba hapakuwa na dirisha, na saa ya ukutani ilikuwa na mishale mitatu isiyosikilizana. Ukutani vilevile alisimama Mtu, mchoro mrefu kutoka sakafuni hadi darini, viganja wazi, bila uso. Siku ya kwanza Siwema alimwogopa. Mwaka wa tano alimzoea. Kuna siku, hakumbuki ipi, alipopita mbele ya kioo cha bafuni akageuza viganja vyake mbele bila kukusudia, na mtu aliyekuwa kiooni hakuwa na uso kwa muda wa kufumba na kufumbua.

Nyuma ya pazia la kijani alikaa Mfaume, karani. Mfaume aliandika asichokiona. Ndivyo utaratibu ulivyotaka: anayeona asiandike, anayeandika asione. Sauti ya Siwema ilipita kwenye pazia, kalamu ikakwaruza, na jina la marehemu likaja mwisho kabisa, baada ya unyayo, ili lisimsumbue mtu katikati ya kazi. Kisha Nyumba ikazika, na jamaa wakapelekewa karatasi.

Karatasi hiyo ndiyo iliyoua kitu ambacho hakikuwa na mwili wa kutajwa. Watu wale walikuwa na desturi yao, kulaza kivuli. Mtu akifa, mwanamke wa damu yake hutandika mkeka na kulala kama marehemu alivyolala mara ya mwisho. Alifia ubavu, analala ubavu. Alikufa mkono uko kinywani, anatia mkono kinywani. Hukaa hivyo mpaka kivuli cha mlango kihame. Hapo marehemu hujua kwamba yupo aliyemwona, akaenda zake kwa amani. Asiyelaziwa kivuli hana pa kwenda, hukaa kizingitini, na watu wakiingia na kutoka humkanyaga bila kujua.

Sasa karatasi zote zilisema mwili umesimama. Basi wanawake wakasimama. Misiba yote ya nchi ile, mwaka baada ya mwaka, ikawa ni wanawake waliopangwa ukumbini wima, viganja mbele, wakisubiri kivuli kihame. Wa kwanza walilia. Waliofuata waliona ndiyo desturi. Na aliyekuwa akiwasimamisha, mmoja mmoja, kwa sauti yake nzuri isiyotetereka, alikuwa Siwema, ambaye jioni alirudi nyumbani akapika, akala, akalala usingizi mzuri.

Asubuhi hiyo alifunua shuka.

Mwili ulikuwa umejikunja. Magoti yaligusa kifua. Kidevu kilijificha katikati ya magoti. Vidole vya mikono yote miwili vilifumana kisogoni, viwiko vimeziba masikio. Siwema alishika kiwiko cha kulia ili aanze kazi, na kiwiko kiliposogea kidogo akaona kidevu, na kidevuni kovu, kovu la mtu aliyeruka ukuta wa jirani akienda kuiba mapera.

Huyu si yeye. Huyu ameazima kovu lake. Makovu huazimwa. Yeye yuko Nyayoni, ana spana mkononi, anamtukana mtu aliyefunga bomba kinyume. Yeye ana miaka tisa. Yeye ana mapera mfukoni, ananiambia, dada, usimwambie mama. Sijamwambia. Mpaka leo sijamwambia.

Alikuwa Shomari, mdogo wake, tumbo moja ziwa moja. Fundi mabomba, kazi yake huko Nyayoni. Wiki iliyopita watu arobaini wa Nyayoni walishuka kwenda Kichwani kuuliza swali moja, na aliyelitunga swali ni yeye, kwa kuwa fundi mabomba hata umpige hawezi kusadiki kwamba maji hupanda. Kama sisi ndio tuko chini, walitaka kuuliza, mbona maji yanatukimbia?

"Dada Siwema," Mfaume aliita nyuma ya pazia. "Wino unanikaukia."

"Subiri."

"Mwili mgumu?"

"Umejikunja."

Kalamu ilikuwa imeshagusa karatasi, ikanyanyuka. "Umefanyaje?"

"Umejikunja, Mfaume. Magoti kifuani. Vidole vimefumana kisogoni. Andika."

"Siwezi, dada yangu, na unajua siwezi. Nina safu ya mbele na ya nyuma, nina ya juu na ya chini, ya ndani na ya nje. Safu ya kujikunja sina."

"Andika pembeni."

"Pembeni ni pa muhuri."

Siku nyingine wangecheka. Walikuwa watani wazuri, wawili hawa, waliokaa miaka yote hiyo wakitenganishwa na kitambaa. Siwema alikuwa akimfahamu mwenzake kwa kikohozi kuliko kwa sura. Siwema aliegemea meza ya mawe.

"Ni Shomari," alisema.

"Usinitajie jina! Jina huja mwisho." Kisha, kwa sauti nyingine: "Shomari yupi? Huyu fundi, aliyenitengenezea koki akakataa hata maji ya kunywa?"

"Huyo."

Akasikia kalamu ikilazwa mezani. "Pole, dada. Pole sana, dada yangu." Kisha Mfaume akasema jambo ambalo hakuwahi kulisema. "Baba yangu alipita hapa. Mwaka wa kwanza wa kazi yangu. Niliuandika mwili wote, utosi mpaka unyayo, huku nawaza leo mke wangu kapika nini. Jina likaja mwisho. Ulikuwa wewe unataja."

"Sikumbuki."

"Najua. Nilikufuata mlangoni nikakuuliza, dada, mzee wangu alikuwa amelalaje. Ukaniangalia kwa huruma kabisa. Ukasema, alikuwa amesimama."

Nje palisikika kikohozi. Bwana Pazi, mkuu wa Nyumba, hukohoa kabla ya kuingia, mithili ya mgeni mstaarabu anayeingia kwa watu. Alikuwa mtu wa maneno laini, mwenye viganja vyeupe ambavyo hata akiwa ameketi vilitazama mbele.

"Pole, mwanangu," alisema. "Nimeambiwa."

"Umeambiwa na nani, bwana mkubwa? Sijamwambia mtu."

"Kimya chako kimefika ofisini." Aliutazama mwili, akatazama pembeni haraka. "Huyu ni wa arobaini. Wenzako wameshataja thelathini na tisa. Kichwani wamesema watu hawa walisimama juani kusikiliza jibu la swali lao, jua likawazidi. Wote wamesimama. Sasa huyu mmoja akijikunja, mwanangu, unaona yatakayofuata? Watajikunja wote."

"Si wamejikunja?"

"Mwili haujikunji," Bwana Pazi alisema kwa upole. "Mwili unasimama. Kilichojikunja ni namna tu uliyomkuta nayo."

Na hili alilisema kwa moyo mweupe. Ndilo lililomtisha Siwema, si vitisho, vitisho havikuwapo. Bwana Pazi alikuwa akiiamini kanuni kama mtu anavyoamini sakafu.

"Nitamwita mtaja mwingine amalize," aliendelea. "Wewe nenda kwa mama. Ila nitalazimika kueleza kwa nini umeshindwa, na unajua wakishaanza kuuliza kuhusu mtaja, mtaja naye huletwa hapa mezani. Hata mie sipendi. Mkono usioweza kuukata, ubusu."

Siwema aliwaza mkono mgeni ukimshika Shomari vidole, ukivifumua kimoja kimoja kwa haraka ya mtu mwenye kazi nyingine mezani.

"Nitamtaja mwenyewe," akasema. Alikubali shingo upande, na Bwana Pazi alimshukuru kama aliyekubali kwa furaha, akampa robo saa.

Alipotoka, Siwema alivua viatu. Alipanda meza ya pili, ile ya jirani, iliyokuwa tupu, jiwe baridi likampenya mpaka kwenye mifupa. Akamtazama mdogo wake na kuanza kumsoma kwa mwili wake mwenyewe, kwa kuwa maneno yote aliyokuwa nayo yalikuwa ya Nyumba. Magoti: juu zaidi. Siyo, la kushoto limelipita la kulia kwa upana wa vidole viwili. Unyayo wa kulia umekanyaga wa kushoto. Kidevu katikati. Vidole kisogoni, si vimelala tu, vimebana, kidole gumba cha kushoto kimebaki nje. Alikaa hivyo. Na alipokaa hivyo alijua jambo ambalo miaka ishirini na saba ya kutaja haikumfunza: kwamba aliyejikunja hivi anasikia. Viwiko vimeziba masikio, lakini anasikia kila hatua inayomjia, anasikia kwa mgongo. Mtu wa Ukutani hasikii chochote. Amefunguliwa viganja ili ionekane hana kitu mkononi, si jiwe, si spana, si swali. Nani alimwambia afungue? Nani alimwambia, geuza mikono tuone? Mchoro hauna jibu, na hauna mgongo; aliyemchora hakumchora upande wa pili.

Alihesabu pumzi mia. Aliyaweka yote mwilini mwake kama mtu anayeficha tonge chini ya ulimi. Kisha akashuka, akavaa viatu, akamnyoosha.

Sitaeleza kunyoosha. Aliyewahi kufungua kiganja cha maiti anajua, na asiyejua abaki na bahati yake. Itoshe kwamba alikifungua kidole kimoja kimoja, akimwita kwa jina la utotoni, na goti la kushoto lilipokataa alilibembeleza, na lilipozidi kukataa alilielemea kwa uzito wake wote, akasikia mlio, akamwomba radhi. Mwisho Shomari alikuwa amenyooka mezani, miguu pamoja. Siwema akavigeuza viganja vya mdogo wake, mbele.

"Andika," alisema.

"Naandika, dada."

"Mwili umesimama. Utosi, hakuna. Kisogo, hakuna. Mkono wa kulia, kati ya kiwiko na kifundo, upande wa nyuma, majeraha saba. Mkono wa kushoto, mahali hapohapo, upande wa nyuma, majeraha tisa. Mgongo, kulia kwa mstari wa kati, ubavu wa sita, umevunjika. Ubavu wa saba, umevunjika."

Kila neno lilikuwa kweli. Hapana hata moja ambalo ungelitia kidole ukasema, hapa amedanganya. Na anayesoma angemwona mtu aliyesimama juani kwa adabu, mikono ubavuni, akiwa na majeraha kumi na sita ya ajabu nyuma ya mikono, na angejiuliza yamefikaje huko, kisha angeacha kujiuliza kwa sababu chakula kimeiva. Sauti yake haikutetereka. Alijichukia kwa hilo kuliko kwa yote. Mfaume alikuwa akilia nyuma ya pazia, na kalamu haikusimama.

Alasiri karatasi ilifika kwa mama yao, Bi Tatu, mteremkoni karibu na mji, mikononi mwa Kitwana, mjumbe wa mtaa. Ukumbi ulijaa wanawake, Siwema miongoni mwao. Wengine walitoka mitaa mitatu mbali. Bi Tatu alikuwa ameketi, na majirani wawili walikuwa tayari kumwinua, kwani alijua atasimamishwa na magoti yake hayakuwa na nguvu. Mjumbe Kitwana alisoma vizuri, akipumzika kwenye vituo. Alipofika "mwili umesimama," ukumbi mzima ulinyanyuka kwa mpigo mmoja. Mikono ikashuka ubavuni. Viganja vikageuka.

Bi Tatu hakunyanyuka. "Siwema," alisema. "Wewe ndiye uliyemshika?"

"Ndiyo, mama."

"Kwa mikono yako?"

"Kwa mikono yangu."

"Ndivyo alivyokuwa?"

Mjumbe Kitwana aliikunja karatasi taratibu. Siwema alijua ana mlango mmoja tu, na ukishafungwa haufunguki tena. Akipiga moyo konde na kusema ndivyo, kesho atapanda kazini, jioni atapika, na mdogo wake atakaa kizingitini milele akikanyagwa na wageni. Alitazama kizingiti. Akatazama viganja vya wanawake, viganja sitini au zaidi, vyote vikimtazama.

Alikwenda katikati ya mkeka, akalala, akajikunja. Goti la kushoto likalipita la kulia kwa upana wa vidole viwili. Unyayo juu ya unyayo. Kidevu katikati. Vidole kisogoni, vimebana, gumba la kushoto nje.

Kisha akasikia kanga ikiburuzika, na mama yake akipiga magoti kwa taabu karibu na kichwa chake, na mkono mkavu ukipapasa viwiko, vidole, kile kidole gumba kilichobaki nje.

"Alikuwa akijikunja hivi hivi," Bi Tatu alisema. "Nikimjia na mwiko. Kaiba sukari, kaiba mapera, nikimkaribia tu, anajikunja namna hii, na hiki kidole nje. Basi hasira zinaniisha, nacheka. Nampiga na nini, mtoto kama yule? Namwacha. Nao hawakumwacha."

Akalia. Si kilio cha msiba wa nchi ile, cha wima, cha pua; kilikuwa kilio cha zamani, cha tumboni, na wanawake wazima walikishangaa kama wimbo ambao bibi zao waliwahi kuutaja. Kivuli cha mlango kilihama. Siwema, amefumba macho, alihisi kizingiti kikiwa kitupu. Kwa muda ule mfupi alikuwa na amani, na aandikiwe hiyo, kwani hakuipata tena.

Mjumbe Kitwana alikuwa ameondoka. Hakupiga kelele, aliaga kwa adabu na kwenda kueleza alichokiona, na kila mtu alijua gari la Nyumba litafika kabla ya magharibi.

Siwema alipoinuka aliwakuta wanawake hawajatawanyika. Walikuwa wamefumba viganja, wamejipanga, na mstari ulitoka nje ya mlango ukazunguka nyumba. Wa kwanza alikuwa Bi Somoe, muuza vitumbua wa mtaa wa pili, kanga yake ikinukia mafuta na iliki.

"Mwanangu," alisema, "na wangu je?"

"Wako nani, bi mkubwa?"

"Chande. Mwaka wa mafuriko, sasa miaka kumi na minne. Nilimsimamia. Magoti yaliniuma nikamsimamia. Mwembamba, mrefu. Alikuwa na vidole sita mkono wa kushoto."

Na Siwema alimkumbuka! "Kidole cha ziada," alisema haraka, "mkono wa kushoto, upande wa ndani, kando ya kidole kidogo."

"Huyo huyo!" Bi Somoe alimshika mabega. "Ndiye huyo, mwanangu, hakuna mwingine! Sema basi. Alilalaje?"

Siwema alifumba macho amtazame. Chande alikuja mara moja, mwembamba, mrefu. Alikuwa amesimama. Miguu pamoja, viganja mbele, kidole cha sita kimegusa paja. Alimzunguka kumtafuta kwa nyuma, hakukuwa na nyuma. Alimtafuta chini, mezani, kabla ya mikono yake kumgusa. Nyuma ya Chande alisimama baba yake Mfaume, na nyuma yake wengine, elfu na zaidi, safu ndefu ya watu wima wasio na sura, kila mmoja na kovu lake mahali pake sahihi. Alikuwa amewaona wote kabla ya mtu yeyote. Ni yeye peke yake duniani aliyewaona. Hakuwa na hata mmoja.

"Sikumbuki," alisema.

"Jaribu."

"Bi mkubwa, sikumbuki. Namwona amesimama."

Bi Somoe aliitazama mikono ya Siwema. "Akili husahau," akasema. "Mkono hausahau. Mimi nageuza vitumbua huku nasinzia. Mikono yako ilimnyoosha. Inajua ilimkuta vipi. Nirudishie." Akalala mkekani, akafumba macho, akajilegeza. "Nikunje."

Siwema akapiga magoti. Alifumba macho naye, akaiacha mikono yake ifanye inavyojua, asiiongoze, na mikono ikaanza kazi. Ilikwenda bila kusita. Ilishika kifundo, ikashika goti, ikapanda kwenye kiwiko. Ilikuwa na hakika kiasi kwamba machozi ya shukrani yalimtoka. Inakumbuka, aliwaza. Kumbe inakumbuka. Ilifika kwenye viganja, ikamaliza, ikatulia.

Alifungua macho. Bi Somoe alikuwa amenyooka mkekani, miguu pamoja, mikono ubavuni, viganja wazi.

"Ndivyo?" aliuliza Bi Somoe, macho bado amefumba, akitabasamu.

Bi Somoe akafungua macho, akavitazama viganja vyake, kimoja, kisha cha pili.

"Hivi nilishakuwa mwaka ule," alisema.

Akainuka, akakung'uta kanga, akajifunga upya. Hakumtukana, laiti angemtukana. Mbali, upande wa bondeni, palisikika gari likipanda. Mwanamke wa pili alikuwa ameshalala mkekani, akijisogeza apate nafasi nzuri.

"Wangu alikuwa na kovu gotini," alisema. "Jaribu, mwanangu. Labda huyo ulimnyoosha vibaya."